Maji Yaliyotoka Mwisho

Nikimkumbuka Mwalimu wangu wa Kemia, kinachonijia kwanza si uso wake, ni taulo. Taulo dogo jeupe, la ukubwa wa kitambaa cha kufunikia chapati, alilolibeba begani miaka yote niliyomjua: darasani, kanisani, sokoni Kitengela, hata siku aliyokuja kwetu kutupa pole baba alipofariki. Alipanguza mikono kabla ya kushika chaki na akapanguza tena baada ya kuiweka chini. Ukimsalimia alikupa vidole vitatu tu, halafu bila kuficha akarudi kwenye taulo lake. Wageni walidhani anawaona wachafu. Sisi wanafunzi wake tulijua sivyo, ingawa wengi wetu tulimaliza shule bila kujua ni nini hasa.

Shuleni tulimwita Taulo, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Naliandika jina hilo sasa na ninaona haya, kwa sababu nilikuwa mmoja wa walioanza kulitumia. Ila ukweli ni kwamba lilimkaa.

Alizaliwa mwaka gani, sijui. Kwao ni wapi hasa huko Ukambani, sijui pia, ila ni mahali ambapo mito ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Hakupenda kuulizwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maswali mengi, aliniambia mapema kwamba mambo ya ukoo wake hayako kwenye silabasi.

Alikuwa na makao mawili. Muhula ukiwa umefunguliwa aliishi Kajiado mjini, katika nyumba ya walimu ya shule yetu ya bweni ya wasichana. Likizo alirudi Kitengela kwenye ploti yake nyuma ya kwetu, enzi zile Kitengela ilipokuwa bado ni nyumba chache zilizotawanyika, na nyumbu wa mbugani wakipita asubuhi mbele ya lango kama watu wanaoenda kazini. Kwa hiyo mimi nilimpata mara mbili. Wenzangu walipokwenda likizo kupumzika mbali naye, mimi nilimkuta ameegemea ua wetu akiuliza kama nimesoma.

Maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda, au hayakuja. Na hapo ndipo ungemwona Mwalimu alivyokuwa mchoyo. Maji aliyooshea mboga aliyatumia kuoshea vyombo, ya vyombo yakapiga deki, ya deki yakaenda kwenye nyanya zake tatu zilizokonda. Tone moja lilifanya kazi nne kabla ya kupewa ruhusa ya kupumzika. Mama yangu, aliyekuwa naye hodari wa kubana matumizi, alisema akienda kwa Mwalimu anaogopa hata kutema mate.

Lakini mtu huyohuyo, ndani ya maabara ya shule, alitulazimisha kusuuza kila chombo mara tatu. Ukisuuza mara mbili unarudia zote. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, wakati wasichana tulipewa ndoo moja ya kuogea watu wawili, bado tulisimama pale tukimwaga maji safi juu ya testi tyubu zilizokwisha kung'aa. Tulichukia. Siku moja bweni zima liligoma kuingia maabara. Mwalimu alikuja akasimama mlangoni, taulo begani, akasema hatatulazimisha, ila yeye anaingia. Aliingia peke yake akaanza kusuuza. Tukamsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtu anayesali. Baada ya robo saa tulikuwa ndani, tukinung'unika, tukisuuza.

Na kuna lingine. Alikuwa mkali wa alama kupita kiasi, lakini aliyeandika "sijui" kwenye mtihani wake alipata nusu alama, na aliyebuni jibu alipata sifuri yenye mduara mwekundu. Walimu wengine walimcheka. Mkaguzi mmoja alimuuliza kama anafundisha watoto ujinga. Mwalimu alijibu kwamba anawafundisha mahali ujinga wao unapoishia, na mkaguzi akaandika kitu kirefu kwenye kitabu chake.

Nusu alama hiyo niliielewa nikiwa kidato cha tatu, alasiri moja ya vumbi, wakati upepo wa Kajiado ulikuwa unabisha mabati.

Zoezi lilikuwa lile la fuwele za buluu za kopa salfeti. Unazitia kwenye kibakuli, unazipima kwenye mizani, unazipasha moto mpaka zigeuke unga mweupe, unapima tena. Kilichopungua ni maji. Ukizishika mkononi fuwele hizo ni kavu kama kokoto za barabarani, lakini maji yamo ndani, na ni moto peke yake unaoweza kuyatoa. Mwalimu alilipenda zoezi hilo kuliko yote. Alipita katikati ya meza mikono ikiwa nyuma, akisema mkono ukikwambia kitu ni kikavu usiuamini, uliza moto.

Mezani kwetu tulikuwa wanne. Watatu walipata jibu linalofanana. Langu lilizidi mbali, kana kwamba fuwele zangu zilikuwa na kisima. Nikachukua raba. Nilikuwa nimeshafuta tarakimu ya kwanza alipokishika kiwiko changu, na nakumbuka nilishtuka kwa sababu hakuwa mtu wa kugusa watu.

"Hiyo namba uliiona kwa mizani, ama uliota?"

"Niliiona, Mwalimu."

"Sasa unafuta nini?"

Nikasema wenzangu wote wamepata nyingine. Akasema wenzangu wako na macho yao na mimi niko na yangu, niandike nilichokiona. Kisha akaniambia nibaki baada ya kipindi nisuuze vyombo.

Nilibaki nikidhani nimeadhibiwa. Tulisimama kwenye sinki, mimi nikisuuza, yeye akikausha, na bila kunitazama akanieleza jambo ambalo mpaka leo sijui kwa nini alinichagua mimi.

Alikuwa amesomea ng'ambo, katika nchi ya baridi ambayo hakuwahi kuitaja. Wakati huo mawe na vumbi vilivyoletwa kutoka mwezini viligawanywa kidogokidogo kwa wataalamu, na chuo chake kilipata kiasi cha kujaza kijiko cha chai. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na vishanga vya kioo, vya kijani na vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko punje ya wimbi. Zamani sana mwezi ulitapika moto, na matone ya mwamba ulioyeyuka yaliganda yakiwa bado hewani. Kazi ya Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi na alikuwa na subira, ilikuwa kukaa kwenye hadubini na sindano ya chuma akitenga vishanga kimoja kimoja. Vumbi lilikaa ndani ya sanduku la kioo lililozibwa, nawe uliingiza mikono kwa glavu ndefu. Halafu vishanga vichache vilipashwa moto, na mashine ikapima kila kilichotoka.

Wataalamu wote wa wakati huo walikuwa na hakika kwamba mwezi ni mkavu. Vishanga vya Mwalimu, siku moja asubuhi, vilitoa maji. Machache sana, lakini maji.

Profesa wake alikuja. Hakukasirika, Mwalimu alisisitiza hilo. Alitazama mchoro wa mashine kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: asubuhi hii, kabla ya kuvaa glavu, mikono yako ilikuwa mikavu?

"Ni swali la haki," Mwalimu aliniambia. "Hata mimi ningeuliza hiyo."

Hapo aliweka testi tyubu chini. Akanieleza kwamba kwao mtu hanawi halafu akapanguza. Maji yametoka mbali, yamekuja kwa mgongo wa mama, huwezi kuyapa kitambaa. Ukishanawa unayapaka mikononi mpaka viwikoni, unayapaka usoni na shingoni, ngozi inayanywa, unakwenda zako. Alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni, na kule ng'ambo, mahali ambapo maji yalitiririka ukutani mchana kutwa bila mtu kuyashukuru, mikono yake iliendelea kufanya hivyohivyo bila kumuuliza. Kwa hiyo alipoulizwa, alijaribu kukumbuka. Alikuwa amenawa. Lakini je, ilikuwa imekauka?

"Nilisema sijui."

Profesa akatikisa kichwa kwa upole, akachukua penseli nyekundu, akapiga mstari juu ya ukurasa mzima wa daftari la Mwalimu. Pembeni akaandika kwamba ni maji ya mikono. Vishanga vilivyobaki vilipewa mtu mwingine kwa kazi nyingine, na kipimo kile hakikurudiwa. Maandishi yao yalipotoka yalisema vishanga ni vikavu, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, walimshukuru mwanafunzi mmoja kwa kutenga vishanga. Basi. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani akiwa na shahada yake na taulo.

Mimi, kwa utoto wangu, nikamuuliza sasa yale maji yalikuwa ya mikono yake au ya mwezi. Ndipo aliponitazama.

"Hiyo ndiyo kitu moja ningetaka kujua kabla nikufe."

Siku iliyofuata tulirudia zoezi langu, mimi na yeye. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekiosha kibakuli nisikikaushe vizuri, na maji niliyoyapima yalikuwa ya sinki. Mwalimu alinipa alama zangu zote, akasema sasa tunajua, na kujua ni bora kuliko kufuta. Lakini nilimwona usoni. Ni kama kibakuli changu kilikuwa kimesimama mahakamani kikatoa ushahidi dhidi yake. Kwa wiki nzima alipanguza mikono hadi ngozi ikawa nyeupe kwenye viungo vya vidole, na mimi nilitamani kukirudisha kile kibakuli nikikaushe.

Ni vigumu kueleza jinsi mwanamke kama huyo alivyokuwa mcheshi. Kitengela alikuwa na rafiki mmoja wa karibu, mama wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa. Mwalimu hakunywa maziwa. Yalimvuruga tumbo. Lakini kila asubuhi ya likizo alinunua chupa nzima, kisha akaipitisha juu ya ua kwetu, yote hayo ili apate mtu wa kuongea naye. Mama wa maziwa alisimama langoni akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," Mwalimu akaitikia "Iko," na hapo saa nzima ikapotea. Mikono ya yule mama haikupumzika. Alitunga shanga huku akiongea, bila hata kuzitazama.

Asubuhi moja nilikuwepo. Mwalimu, ambaye shuleni hakuwahi kulitaja jambo lile mbele ya darasa, alimwambia rafiki yake kwamba hata mwezini kuna shanga, na yeye mwenyewe amezipanga kwa sindano. Mama wa maziwa hakushangaa hata kidogo. Aliuliza ni za rangi gani. Akaambiwa kijani na chungwa.

"Kama iko shanga," akasema, "basi iko mwanamke huko."

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini kwenye jiwe. Wiki mbili baadaye alivaa bangili ya shanga za kijani na za chungwa, na hakuivua tena isipokuwa maabara. Mama wa maziwa hakumuuliza kama mikono yake ilikuwa mikavu wakati huo. Nadhani ndiyo sababu Mwalimu alimpenda.

Mwezi wenyewe hakuutazama. Kuna asubuhi ambazo mwezi huchelewa kuondoka, unaukuta saa moja na nusu umesimama juu ya vilima vya Ngong, umepauka. Nilipokuwa nimeanza chuo Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alikuwa akinisindikiza hadi barabarani siku za kurudi. Mvua ikiwa imenyesha, ule udongo mweusi wa Kitengela ulitushika viatu tukatembea kama watu waliofungwa matofali. Nilimchokoza, nikamwambia, Mwalimu, rafiki yako yule pale. Aliangalia viatu vyake.

"Mimi na huyo tulimalizana."

Hawakuwa wamemalizana. Katika njia hiyohiyo, safari nyingine, aliniuliza kama chuoni wametufundisha kupasha sampuli moto hatua kwa hatua. Nikasema ndiyo. Tulipopita kanisa akaniuliza maji yaliyoshika nje ya kitu hutoka lini, moto ukiwa mdogo au mkubwa. Nikasema mdogo, hutoka mwanzoni kabisa. Akauliza na yaliyo ndani. Nikasema hayo hutoka baadaye, moto ukishakuwa mkali.

"Yangu yalitoka mwisho," akasema. "Vishanga vikiwa karibu kuyeyuka."

Nilisimama pale tope likiwa limenishika. Maana hilo lilikuwa jibu. Maji ya mikono yangetoka mapema. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia profesa wake. Alisema lilimjia saa moja baadaye, akiwa anafunga kamba za viatu ili aende zake, na daftari lilikuwa limeshapigwa mstari. Nikasema angerudi. Hakuonekana kukasirika na ujinga wangu.

"Nilikuwa nishasema sijui. Ningerudi na jibu, wangesema nimelipika njiani. Na pengine nililipika. Nilikuwa nalitaka sana hiyo jibu."

Huyo ndiye alikuwa Mwalimu. Alikuwa na ushahidi wake mwenyewe na hakujiamini nao, kwa sababu aliutamani.

Halafu nikampoteza, na hapa sina wa kumlaumu. Alistaafu. Kitengela ikajaa maghorofa na mabango, nyumbu wakaacha kupita, mama wa maziwa akahamia kwa mwanawe Kimuka. Mwalimu akauza ploti akaenda kuishi Kimana, kule chini karibu na Amboseli ambako watu hulima vitunguu kwa maji ya mfereji. Alimwambia mama yangu kwamba kabla ya kufa anataka kulala mahali ambapo maji yanapita bila kuitwa. Niliahidi kumtembelea Pasaka. Pasaka nne zikapita. Nilikuwa nimeajiriwa Kajiado, kazi yangu kupima maji ya visima, kwa sababu maji ya huku chini ya ardhi yana madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Yangu mwenyewe ni ya kahawia, nacheka nikiwa nimeziba mdomo. Kila siku nilisuuza chupa mara tatu nikihesabu kwa sauti, na kila siku nilimkumbuka, na sikwenda. Kuna hamu ya mtu inayokuuma ilhali miguu yako ni mizima na barabara ipo. Hiyo ndiyo inayoaibisha zaidi.

Ilikuwa saa ya chai ofisini. Mwenzangu mmoja alikuwa anasoma gazeti kwa sauti ili atuchekeshe. Akasema hebu sikieni hawa watu, wametafuta maji mpaka mwezini, na hapa Kajiado mabomba yamekauka tangu Jumatatu. Wote wakacheka. Mimi nilimnyang'anya gazeti mkononi, na mpaka leo ananikumbusha kwamba nilimwagia chai.

Ilikuwa habari fupi, chini ya ukurasa. Nilikwenda saiba, duka la intaneti lililokuwa ng'ambo ya barabara, nikatafuta zaidi, nikachapa kurasa kadhaa, nikazisoma na kamusi pembeni. Walikuwa wamechukua vishanga vilevile vya zamani, vya kijani na vya chungwa, vilivyokuwa vimehifadhiwa miaka yote hiyo. Walikuwa na mashine mpya inayoweza kuchungulia ndani ya kishanga kimoja. Maji yalikuwemo. Na yalikuwa mengi katikati kuliko ukingoni. Maana yake, hayakuingia kutoka nje. Yalikuwa ndani, yakijaribu kutoka, kishanga kikaganda kabla hayajaisha.

Jumamosi nilishika njia ya Emali nikateremka hadi Kimana.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya mfereji, akichambua vitunguu. Alikuwa amepungua. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akanitambua kwa sauti. Taulo lilikuwa begani, limegeuka kijivu, na bangili ilikuwa imelegea mkononi kwa jinsi mkono ulivyokonda. Nilimwomba msamaha wa Pasaka nne. Alisema amezihesabu, na ni tano. Kisha akauliza nimebeba nini, kwa maana amesikia karatasi.

Nikamwambia nimekuja kumsomea. Nilisoma kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili. Alikuwa ameshika kitunguu. Nilipofika kwenye maji, kitunguu kilisimama.

"Waliyapata wapi?"

"Ndani, Mwalimu. Katikati ya kishanga."

"Na ukingoni?"

"Kidogo. Katikati ndiko mengi."

Aliniomba nirudie sentensi hiyo. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu. Mfereji ulikuwa unapita miguuni petu.

Nikasema, basi ulikuwa sahihi miaka yote hii. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu Kajiado, nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Wao wako sahihi. Yangu bado hatujui. Mikono yangu ilikuwa na maji ama haikuwa, hiyo karatasi haisemi."

Nilikasirika. Nakiri. Nilikuwa nimekuja na zawadi kutoka mwezini na yeye anaikagua kama mtihani. Nilimwambia, huku nikilia, kwamba hana huruma na nafsi yake, kwamba yalitoka mwisho, yeye mwenyewe aliniambia yalitoka mwisho.

"Yalitoka mwisho," akakubali.

Akaweka kitunguu chini. Akasema polepole kwamba miaka yote alikuwa na mlango mmoja tu, ule wa uchafu wake. Kila mtu mwenye akili alisema mwezi ni mkavu, kwa hiyo maji yale hayakuwa na mahali pengine pa kutoka ila kwake. Sasa yana mahali pengine.

"Inawezekana," akasema. "Msichana wangu, sijawahi kuwa na inawezekana."

Aliinuka kwa kushika bega langu, tukaingia ndani. Alikuwa amepika ugali na mboga zilizojaa vitunguu. Niliweka beseni miguuni pake nikachukua jagi nimnawishe, kama inavyompasa mdogo kumnawisha mkubwa. Alinyoosha mikono, nikamwagia kidogokidogo, nikijua alivyo mchoyo wa maji. Alipomaliza nilishusha lile taulo begani mwake nikamnyooshea.

Hakulipokea. Pengine alidhani simwoni, au hakujali. Alisugua kiganja kwa kiganja, akayapandisha maji taratibu hadi kwenye vifundo vya mikono, chini ya bangili, mpaka viwikoni. Yaliyobaki akayapaka usoni, kwenye macho yale yenye ukungu, na shingoni, nyuma kabisa chini ya kitambaa cha kichwa. Alifanya bila haraka, kama mtu anayejipaka mafuta.

Nilibaki nimeshika taulo.

"Kula," akaniambia, "chakula kinapoa." Akamega tonge la kwanza mikono ikiwa bado imelowa.